Mizani ya kijiji haimpimi bibi

*Katika vijiji vya Kibondo na Kasulu, programu za lishe zinamhesabu mtoto na mama yake. Aliyevuka miaka 60 hayumo daftarini, na njaa yake haionekani.*

Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji inapofika katika nyanda za juu za Kigoma, mizani hutundikwa kwenye boriti ya zahanati au tawi la mwembe, na watoto wa chini ya miaka mitano hupimwa mmoja baada ya mwingine. Uzito unaandikwa, urefu unaandikwa, tepe inazungushwa mkononi, na mlezi anaambiwa palepale kama mtoto yuko kwenye kijani, njano au nyekundu. Si ajabu mlezi huyo akawa bibi. Mama wa mtoto yupo shambani, au ameolewa kwingine, au amekwenda kutafuta maisha Kaliua, Geita au Dar es Salaam. Bibi anaulizwa mtoto amekula nini jana. Yeye mwenyewe haulizwi amekula nini, na tepe ile ile iliyozunguka mkono wa mjukuu haizunguki mkono wake, ingawa huenda mkono wake ndio umekonda zaidi.

Hakuna aliyepanga kumdharau. Daftari limechorwa hivyo tangu mwanzo: lina safu ya mtoto, safu ya mjamzito na safu ya anayenyonyesha, basi. Hoja ya makala haya ni kwamba utapiamlo wa wazee wa Kibondo na Kasulu hautokani kwanza na ardhi kukosa chakula. Unatokana na kijiji kutokuwahesabu, na asiyehesabiwa hapangiwi kitu. Kazi ya kuwahesabu ni nyepesi kuliko tunavyodhani, kwa sababu wahudumu, tepe na siku ya kupimia tayari vipo.

Takwimu zinapoishia

Ukitaka kujua hali ya lishe ya Mtanzania, utapelekwa kwenye Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria. Ni kazi nzuri, na ndiyo iliyotuonyesha kwamba udumavu wa watoto nchini umeshuka kutoka asilimia 34 mwaka 2015/16 hadi asilimia 30 mwaka 2022. Lakini watu wazima wanaopimwa uzito humo wanaishia miaka 49. Utafiti mkubwa wa magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2012 ulianzia miaka 25 na kukomea 64. Maana yake ni kwamba mama wa miaka 70 pale Makere au Mabamba hayumo katika wowote kati ya tafiti hizo mbili. Serikali inapouliza ni wazee wangapi wamekonda kupita kiasi, haina pa kuchungulia.

Fedha nazo zinafuata takwimu. Tangu Desemba 2017 wakuu wa mikoa wamekuwa wakisaini Mkataba wa Lishe, na kila halmashauri inatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Kipimo cha bajeti ni mtoto. Ofisa lishe wa wilaya anayetaka kufanya jambo kwa ajili ya wazee hana kifungu cha kuliegemeza. Hili halimaanishi fedha ya mtoto ichukuliwe. Hata hiyo elfu moja haitoshi, na halmashauri ambazo hazijaitoa yote zinapaswa kubanwa. Ninachosema ni kwamba mfumo wenye kipimo kimoja huzaa macho ya upande mmoja.

Nchi hii inajua vizuri nguvu ya kupima hadharani. Mwaka 1983 mkoa wa Iringa ulianza programu ya lishe kwa msaada wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani, katika vijiji 168. Msingi wake haukuwa dawa wala chakula cha kugawa. Watoto walipimwa kila robo mwaka, matokeo yakapelekwa kwenye serikali ya kijiji, wanakijiji wakajadili kwa nini mtoto fulani anakonda, wakaamua la kufanya, kisha wakapima tena. Katika miaka ya mwanzo utapiamlo mkali uliporomoka kutoka takribani asilimia 6 hadi chini ya 2, na mbinu hiyo ya kutathmini, kuchambua na kuchukua hatua ikaigwa na mataifa mengi. Siku za lishe za vijiji tulizonazo leo ni wajukuu wa Iringa. Kanuni iliyofanya kazi kule haikuhusu umri wa anayepimwa. Ilihusu kijiji kuliona tatizo kwa namba na kulimiliki.

> Mwaka 2012 Tanzania ilikuwa na watu milioni 2.5 wenye miaka 60 au zaidi. Sensa ya 2022 iliwakuta takribani milioni 3.5.

Mwili wa mzee unataka nini

Imani iliyoenea, hata miongoni mwa watumishi wa afya, ni kwamba mzee anahitaji kidogo tu. Ni kweli kwa upande mmoja: kazi ikipungua, mahitaji ya nguvu yanapungua, kwa hiyo ugali unaomtosha kijana mwenye jembe ni mwingi mno kwa babu yake. Kwa upande wa protini, vitamini na madini ni kinyume. Misuli ya mzee hupotea kila mwaka na huitikia chakula kwa uvivu, ndiyo maana jopo la wataalamu lililotoa mapendekezo yake mwaka 2013 lilishauri mtu wa zaidi ya miaka 65 ale gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, wakati kiwango cha kawaida cha mtu mzima ni kama gramu 0.8. Tumbo la uzeeni hunyonya vitamini B12 kwa shida. Ngozi hutengeneza vitamini D kidogo. Kiu hupungua, mzee akashinda na kikombe kimoja cha chai bila kuhisi kwamba mwili umekauka. Kwa ufupi, sahani yake inapaswa kuwa ndogo na nzito: ugali kidogo, mboga na kitoweo kingi.

Sasa tazama sahani halisi. Msingi wa mlo katika vijiji vingi vya Kibondo na Kasulu ni ugali wa muhogo, wenyewe au uliochanganywa na mahindi. Unga wa muhogo unashibisha, lakini katika gramu 100 protini haifiki gramu 2. Maharage makavu ya uzito huo huo yana zaidi ya gramu 20. Mzee anayekula ugali wa muhogo na mchuzi wa mboga, huku maharage na samaki vikienda kwa watoto na wenye kazi, anaweza kushiba kila siku na bado misuli yake ikaisha. Kisha anaanguka akienda kisimani, nyonga inavunjika, anabaki kitandani, na sisi tunasema ni uzee.

Kuna lingine linaloumiza. Mzee mwenye presha au kisukari anaporudi kutoka hospitali, mara nyingi anarudi na orodha ya makatazo: punguza chumvi, acha wanga, acha mafuta. Ale nini, haambiwi. Familia inatii kwa kumpunguzia kila kitu, naye anakonda kwa utiifu.

Chakula kipo

Hapa ndipo Kigoma inapotofautiana na maeneo mengi yanayotajwa kwa njaa. Nyanda hizi zina mvua ya kutosha kuanzia Oktoba hadi Mei. Maharage ya Kasulu na Kibondo yanapakiwa kwenye malori kwenda kulisha miji. Ndizi zipo, viazi vitamu vipo, parachichi na mapapai huozea chini ya miti msimu wake. Sombe, mboga ya majani ya muhogo, haikosekani. Kutoka bondeni huja mawese, na mafuta hayo mekundu yakiwa hayajasafishwa viwandani yana viasili vya vitamini A kwa wingi. Kutoka Ziwa Tanganyika huja dagaa na migebuka. Barabara ya lami ya Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu, yenye urefu wa kilomita 260, imewekwa kwa ajili ya biashara, lakini inawasogeza pia samaki karibu na mlima.

Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1973, inafundisha makundi sita ya vyakula: nafaka, mizizi na ndizi; mikunde, karanga na mbegu; vyakula vya asili ya wanyama; mboga; matunda; na mafuta. Yote sita yanapatikana katika soko la Kasulu kwa siku moja. Kinachokosekana ni namna ya kuyafikisha kwenye kinywa chenye meno machache, katika nyumba yenye kuni chache. Maharage huchukua saa nyingi jikoni, na bibi anayeishi peke yake hatawasha moto wa saa tatu kwa ajili yake mwenyewe. Akiyaloweka usiku kucha yanaiva upesi. Dagaa waliooshwa, wakakaangwa kikavu na kutwangwa kuwa unga, wanaingia kwenye uji au kwenye mboga bila kuhitaji meno. Kijiko cha mawese kwenye sombe husaidia mwili kunyonya vitamini A, na kwa mwenye hofu ya moyo jibu ni kijiko, si kikombe. Papai au chungwa baada ya maharage husaidia madini ya chuma kuingia kwenye damu, ilhali chai ya rangi ikinywewa papo hapo huyazuia. Haya ni maarifa ya dakika kumi. Yanahitaji mtu wa kuyapeleka mlangoni.

Nani atabisha hodi

Mtu huyo anatakiwa kuwepo. Januari 2024 Dk. Philip Mpango, wakati huo akiwa Makamu wa Rais na mwenyewe mzaliwa wa Buhigwe, jirani kabisa na Kasulu, alizindua Mpango Jumuishi wa Wahudumu wa Afya ngazi ya Jamii. Lengo lililotangazwa ni kuandaa wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji au mtaa, mwanamume na mwanamke. Huo ndio mlango wa kuingilia. Mhudumu anayefika nyumbani kumwona mjamzito anampita mzee barazani. Swali ni kama mafunzo yake na daftari lake vitamruhusu asimame.

Zana za kumpimia mzee zipo na ni rahisi mno. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 kuhusu huduma jumuishi kwa wazee unaanza na maswali mawili ya lishe: je, umepungua zaidi ya kilo tatu katika miezi mitatu bila kukusudia? Je, umepoteza hamu ya kula? Asiye na mizani anaweza kuulizwa kama nguo au mkanda vimelegea. Katika mwongozo huo huo mzee huombwa anyanyuke kwenye kiti mara tano bila kushika mahali. Ikipita sekunde 14, miguu inahitaji kuangaliwa. Kwa mkono, miongozo ya HelpAge International kwa mazingira ya dharura inautazama mzingo wa chini ya milimita 210 kama dalili ya utapiamlo, na chini ya 185 kama utapiamlo mkali. Maswali mawili, kiti kimoja na tepe. Haizidi robo saa.

> Maswali mawili, kiti kimoja na tepe ya mkono: haizidi robo saa kwa mzee mmoja.

Wanaopinga wana hoja

Pingamizi la kwanza ni zito na linastahili heshima: rasilimali ni chache, na siku 1,000 za mwanzo za mtoto hazirudi tena, kwa hiyo kila shilingi iende huko. Ningekubali kama bibi na mjukuu wangekula vyungu tofauti. Lakini katika nyumba ambamo mjukuu analelewa na bibi, nani anayeamua chungu kiwe na nini? Kule Nshamba, wilayani Muleba, mkoa jirani wa Kagera, mradi wa Kwa Wazee ulianza mwaka 2003 kuwapa wazee pensheni ndogo, wengi wao wakilea yatima. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2008 ilikuta kwamba fedha ya mzee ilinunua chumvi, sabuni, chakula bora na viatu vya shule vya wajukuu. Bibi aliyeimarika ni kinga ya mtoto. Kumwacha nje ya programu ya lishe ni kuijenga nyumba bila kuangalia nguzo.

La pili linatoka kwetu wenyewe: mzee ana watoto wake, na kumlisha ni wajibu wao, serikali isiingilie. Wajibu huo ni wa kweli na sitaki upungue. Ila Buha, nchi ya Waha hapa Kigoma, ina historia yake. Tangu ukoloni eneo hili liligeuzwa chimbuko la manamba wa mashamba ya mkonge, vijana wakienda Tanga kwa miezi na miaka. Kisha Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 ikazisogeza kaya kwenye vijiji, na kwa wengi shamba likabaki mbali na nyumba. Kijana wa leo anayekwenda mjini anafuata njia iliyochongwa kwa miaka mia. Anatuma fedha kwa simu akipata, na fedha hiyo inanunua unga. Familia inajitahidi kumshibisha mzee. Haijaambiwa na yeyote kwamba anahitaji zaidi ya kushiba.

La tatu ni kuhusu wahudumu wenyewe. Wanabebeshwa malaria, kifua kikuu, uzazi wa mpango, chanjo na usafi, na sasa wazee? Hoja hii nusu yake ni sahihi. Mhudumu asiyelipwa posho yake kwa wakati, asiye na viatu vya mvua wala baiskeli, haongezewi kazi; anaongezewa kwanza posho. Lakini nusu ya pili haisimami, maana tayari anaingia katika nyumba zile zile, na kitongoji kimoja hakina mamia ya wazee.

Pingamizi gumu kuliko yote ni la umaskini. Utamfundisha mzee makundi sita ya vyakula, yeye hana shilingi mia tano ya dagaa. Elimu hiyo si kejeli? Ndiyo, ikienda peke yake ni kejeli. Wizara ya Afya inasema wazee wasiojiweza watibiwe bure, na dirisha la wazee limewekwa katika vituo vingi, lakini dirisha halitoi chakula, na dawa isiyokuwepo stoo ya zahanati haitolewi bure wala kwa fedha. TASAF inazifikia kaya maskini, ila kwa kigezo cha kaya. Zanzibar ilichukua njia nyingine. Tangu Aprili 2016 kila mzee wa miaka 70 au zaidi anapokea Pensheni Jamii bila kuulizwa kama aliwahi kuajiriwa, ikianza na shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye kupandishwa hadi 50,000. Bara imekuwa na Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, ila mkulima wa maharage wa Kitahana aliyelima miaka hamsini bado hana pensheni. Nasema wazi: kupima bila kipato kutaishia kwenye orodha ya wagonjwa, na pensheni ya wote kwa Bara ni deni lililochelewa. Lakini hata deni hilo halitalipwa vizuri kabla ya kujua wanaodai ni wangapi na wana hali gani.

Ndani ya uzio

Habari ya wazee wa wilaya hizi mbili haikamiliki bila kambi. Nyarugusu, iliyoko Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kupokea Wakongo. Aliyeingia akiwa na miaka 35 sasa ni mzee kwa tafsiri ya sera yetu. Nduta, Kibondo, ilipokea Warundi waliokimbia machafuko ya 2015. Mkimbizi haruhusiwi kutoka kwenda kulima au kuhemea, hivyo mgawo ndio sahani yake. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipokosa fedha, mgawo ulishushwa hadi asilimia 65 ya kiwango mwezi Machi, na Juni ukafika nusu. Kijana hubangaiza. Mzee hana pa kubangaiza. Na bado, ni kambini mkoani Kigoma ambako mashirika kama HelpAge yamewahi kufanya kazi na wazee kama kundi lenye mahitaji yake. Ujuzi huo umetumika kilomita chache kutoka vijiji vya wenyeji bila kuvuka uzio. Halmashauri zingeuomba.

Linaloweza kuanza robo hii

Halmashauri za Kasulu, mji na wilaya, pamoja na Kibondo hazihitaji kusubiri Dodoma kwa hatua ya kwanza. Daftari la Siku ya Afya na Lishe liongezwe ukurasa mmoja wa waliovuka miaka 60: jina, mkono, maswali mawili, kiti. Waliokonda waelekezwe zahanati, na familia zao zionyeshwe kupika, si kuhutubiwa. Asiyeweza kufika afuatwe. Madiwani watenge kifungu, hata kidogo, chenye jina la wazee, ili ofisa lishe awe na pa kuegemea. Mkoa wenye watu 2,470,967 kwa sensa ya 2022 hauwezi kuendelea kupanga lishe kana kwamba watu wake wote wanakoma miaka 49.

Na kwako msomaji wa Heru Juu, Kifura, Busunzu au Nyakitonto: sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike angalau kila miezi mitatu, na una haki ya kusimama na kuuliza. Mtendaji akisoma taarifa ya watoto waliopimwa, mpigie makofi, kisha muulize wazee waliopimwa ni wangapi. Akijibu kwamba hakuna, ombeni iandikwe kwenye muhtasari, na mkutano ujao muulize tena.